Penseli Sikioni

Nyumba za Iyumbu huanza kupasuka Februari,
udongo ukishakunywa mvua na kuvimba kama andazi,
na mimi huitwa. Naja na penseli sikioni,
nautafuta ufa pembeni mwa dirisha,
nachora kimstari pale unapoishia, naandika tarehe.
"Wiki mbili," namwambia mwenye nyumba. "Tutaona kama unatembea."

Wote hujibu neno moja:
ni lipu tu, fundi.
Chidawali, mhasibu mstaafu wa kitalu namba tisa,
aliuficha wake nyuma ya kabati, akanikaribisha chai.
Nililisogeza kabati. Nikamfokea mtu mzima
kwamba ukuta hausemi mara mbili.

Hiyo ilikuwa Jumanne.
Jumatano alfajiri nilikuwa barabara ya Iringa,
kilometa ya sita, upepo ukinisukuma kifuani
kama karani anayekuambia njoo kesho,
na kwenye muundi wa kushoto, chini, upande wa ndani,
pakabonyea kitu.
Si maumivu. Naapa hayakuwa maumivu.
Kitu cha ukubwa wa shilingi,
kama mtu anayebisha hodi kwa kidole kimoja
akijua mmelala.

Nikasema: misuli.

Wiki iliyofuata kilikuja kilometa ya nne.
Kisha ya pili.
Anayewahi zaidi kila siku si mgeni tena,
anajua pa kuvulia viatu.
Nikanunua dawa ya kuchua, ya kichupa cha kijani.
Nikabadili soksi. Nikalaumu raba nilizookota Sabasaba kwa bei ya kubembeleza,
nikalaumu lami.
Nikameza vidonge viwili vya njano, nikakimbia vizuri,
nikajiona nimeshinda hoja.

Nilikuwa na namba, unajua. Mia nne na kumi na saba,
inaning'inia kwenye msumari juu ya kitanda,
na nusu marathoni ilikuwa imebakiza siku kumi na tisa,
na saiti nzima nilishaitangazia, hata mpika uji.
Ulimi ulishafika mwisho wa mbio;
mguu ulikuwa bado njiani.

Sechelela aliona. Asubuhi nilishuka kitandani
nikitanguliza kiganja ukutani.
"Unaupima huo ukuta, au unakushika?"
Nikacheka. Yeye hakucheka.
Alichuchumaa, akabonyeza kwa dole gumba, pale pale,
bila kuonyeshwa ni wapi,
machozi yakanitoka kabla sijayaruhusu.
"Misuli," nikasema.
"Misuli," akasema, akaenda kukoroga uji wa uwele.

Jumapili, kilometa ya kumi na moja,
mteremko unapoanza na mtu husahau kuwa ana mwili,
nilisikia sauti. Ndogo.
Naijua: kigae kikivunjika mkononi mwa kijana anayejifunza.
Nikaketi kando ya lami kama mzigo ulioshushwa.
Mama mmoja alipita na ndoo ya zabibu kichwani,
akanisalimu, Mbukwa,
na mimi, mtoto wa hapa hapa, nikashindwa kuitikia.

Daktari aliiinua picha kwenye mwanga wa dirisha.
"Huu hapa," akasema. "Na si wa jana. Umekuwa ukitembea."
Neno langu hilo.
Mstari mwembamba, mweusi, kama wa penseli,
ila hakuna aliyeuwekea tarehe.

Sasa nipo barazani, mguu juu ya ndoo tupu ya rangi,
mweupe, mzito, umepigwa lipu na mtu asiyejua lipu
(nimeukagua; kingo hazikunyooka).
Simu inaita. Chidawali wa namba tisa.
Ufa umeupita mstari, anasema, vidole viwili kamili,
na kabati amelitoa mwenyewe.
"Utakuja lini, fundi?"

Sechelela ameichomoa penseli sikioni mwangu,
ameinama, anaandika kitu kwenye kifundo,
upande ambao siwezi kuusoma.