Safu ya Penseli

Mimi si malenga, lakini mizani naijua:
ya chuma, yenye ndoano na mshale mwekundu,
inaning'inia bandani kwangu, nyuma ya kituo cha mafuta,
tangu marehemu Lucius aifunge kwa mnyororo wa trekta.
Novemba hadi Februari wananiletea kulungu.
Nachuna, napasua, nasaga, nafunga kwa karatasi.
Kabla ya kisu, mshale.

Kaunti yetu ina ardhi mbili, na reli katikati.
Kusini ni udongo mweusi juu ya chokaa;
mvua ikinyesha hung'ang'ania buti kama mdai.
Huko kuna soya, kuna mialoni ya bondeni
inayomwaga mbegu hadi mguu unateleza.
Kaskazini ni mchanga. Misonobari ya kampuni,
safu kwa safu, askari wasio na vita,
na chini yake giza na majani makavu ya sindano.
Kulungu wa huko hula alichojaliwa:
miiba, uyoga, ncha za mizabibu-mwitu.

Jumamosi walifika wawili ndani ya saa moja.
Kwanza Hollis Treadaway na gari lake jipya,
dume kalala nyuma kama bwana harusi aliyelewa,
pembe matawi kumi. Ratili mia moja tisini na nne.
Alimpigia kibandani, penye hita,
ukingoni mwa soya, kahawa mkononi.
Simlaumu. Bondeni ndivyo kunavyowindwa:
unakaa, shibe inakuja yenyewe.

Kisha Tavarius Boykin, miaka kumi na sita,
na wake kwenye kiti cha nyuma, juu ya turubai ya mamake.
Mia moja ishirini na moja.
Matawi sita, membamba kama sindano za kufumia.
Wanaume kwenye mashine ya barafu wakacheka.
"Umemwachisha ziwa lini?"
Kijana akatazama viatu vyake.

Nikachukua tochi, nikapanua taya.
Gego la kwanza: kahawia imeipita nyeupe kwa upana.
Miaka mitatu na nusu.
Nikafungua la Hollis.
Miaka mitatu na nusu.
Nikayakata yote mawili, nikayalaza mezani,
dogo ndani ya kubwa, kama sufuria za dukani.
Kicheko kikakatika. Si kwa aibu. Kwa hesabu.

"Ulimpata wapi, Tavarius?"
Siku nne, akasema, misonobarini,
ambako huoni zaidi ya hatua thelathini.
Alifuata magome yaliyochubuliwa na pembe
hadi pale kampuni ilipokata miti mwaka juzi,
jua limeingia, machipukizi yameota.
Akakaa upepo ukimjia usoni, mgongo kwenye kisiki,
mpaka vidole vikafa ganzi.
Hollis akavua kofia, akajikuna, akaivaa tena.

Ofisa wa wanyamapori alinipa daftari:
tarehe, jinsia, umri, uzito.
Safu ya tano nimeichora mwenyewe kwa penseli: udongo.
Hakuniomba. Lakini babu yangu
aliulima ule mweusi kwa nusu ya mazao,
hadi mwaka wadudu walipoila pamba
akaambiwa avuke reli.
Mama ndiye mtoto pekee aliyezaliwa mchangani.
Kaka zake waliinama kila walipopita mlangoni;
yeye, hadi kufa kwake, alichukua sukari kabatini
akiwa amepanda kigoda.
Tulisema kamfuata bibi.
Hakuna aliyeuliza alikula nini.

"Naweza kulichukua taya?" kijana akaniuliza.
Nikamfungia kwa gazeti, akalitia mfuko wa shati,
kichwa cha habari kikichungulia.
Nyama, nikamwambia, njoo Jumanne.
Na usiitilie mafuta mengi ya nguruwe.

Walipoondoka wote nikaosha meza.
Nikaandika: 121, mchanga.
Juu yangu ndoano ilikuwa tupu,
na mshale, sijui kwa nini,
bado ulikuwa unatikisika.