Penseli ya Chumba cha Kufulia

Akili ni nywele, wanasema, kila mtu ana zake;
sisi wanne tulipewa kitana kimoja
na wiki kumi na nne.
Aarni wa usanifu, Saimi wa sheria na sera,
Veikka wa takwimu, mla karoti darasani,
na mimi wa sosholojia, niliyejiandikisha
kwa sababu kozi niliyoitaka ilikuwa imejaa.

Profesa Roine hakutupa mada. Alitupa anwani:
jengo la ghorofa nne, Hervanta, Tampere,
Januari, theluji ikilia chini ya viatu.
"Shukeni chini ya ardhi," alisema,
"mniambie tatizo ni lipi. Na kama halipo,
mniambie nani anadai lipo."

Mashine tatu. Harufu ya sabuni na zege bichi.
Daftari juu ya rafu, penseli kwenye uzi.
Anayetaka kufua huandika jina na saa.
Basi.
Kampuni ya nyumba ilitaka skrini.

Aarni akachora, naye huchora kama wengine wanavyopumua:
vitufe vya buluu, saa za kijani,
njia moja nyoofu kutoka kitandani hadi kwenye povu.
Saimi akalishika daftari kwa ncha za vidole:
majina ya watu, hadharani, miaka nenda rudi!
Veikka akahesabu. Kaya arobaini na mbili,
hojaji thelathini na moja zilizorudi,
moja ina duara la kikombe cha kahawa
(hilo pia alilinakili).
Mimi nilibisha hodi.

Mlango wa kumi na tisa: Rauha Kettunen,
miaka themanini na minne, soksi za sufu.
Aliisoma fomu ya ridhaa yote, kwa sauti,
akasahihisha tahajia ukurasa wa pili, ndipo akasaini.
Kila Jumanne, saa nne, jina lake limo daftarini.
Nikauliza swali la sita: unaridhika na mashine?
"Sijui," alisema. "Yangu iko bafuni.
Mwanangu alininunulia."

Nikatazama karatasi.
Swali la saba lilihusu bei.

Akamimina kahawa.
"Oiva wa juu hufua saa tano.
Akishuka hufungua ukurasa. Akiliona jina langu, sawa.
Asipoliona, atagonga.
Nami saa tano na nusu hushuka kulitazama lake."
Akanywa. "Hatuzungumzi sana.
Februari iliyopita, aligonga."
Hakuendelea, nami, fundi wa maswali,
sikuwa na swali.

Usiku ule maktabani tuligombana.
Aarni: tuweke kitufe cha "nipo".
Saimi: kitufe kikinyamaza, nani atawajibika?
Veikka: mmoja kati ya thelathini na moja
ni asilimia tatu nukta mbili.
Kisha akaiweka karoti mezani, polepole:
"Lakini wale thelathini sikuwauliza
kama wana mashine bafuni."

Tukarudi. Kumi na mmoja walikuwa nazo.

Ripoti ikawa kurasa sitini,
sura ya sheria na sura ya michoro
zimesokotana kama mashuka ndani ya pipa.
Profesa alitupa nne juu ya tano;
pembeni ya mapendekezo aliandika:
"Mmechelewa kukata shauri. Vizuri."

Skrini ikaja mwezi wa Mei.
Daftari wakaliacha, "kwa muda".
Uzi mpya aliufunga Aarni mwenyewe,
fundo baya, la mtu aliyezoea kompyuta.

Juzi nilipita kule. Sina tena kazi nako,
nina shahada, nina mashine yangu.
Ilikuwa Jumanne, saa tano na dakika arobaini.
Nikashuka. Penseli imebaki fupi kama jino.
Saa nne: Kettunen, mwandiko uleule wa kulalia.
Saa tano: mstari mtupu.

Nikasikia juu yangu, ngazini,
soksi za sufu zikipanda,
zikipumzika,
zikipanda.
Nikazifuata.