Kinyundo cha Ndahani

Vibali vyangu ni saba, vyote vyataka muhuri,
Kila kimoja msiba, "njoo kesho, usubiri,"
Alizeti ya akiba, yaoza nikisafiri,
Kongwa nenda, rudi tena, karatasi haijai.

Akaja bwana Ndahani, kinyundo akifumbata,
Agonga kwa umakini, ngo, mlio aufwata,
Atokapo, mkononi, dumu langu la mafuta,
Kongwa nenda, rudi tena, karatasi haijai.

Ndivyo nilivyoandika mwaka ule,
nikihesabu mizani kwa vidole vyenye grisi,
nikalisoma kwenye kikao cha wenye viwanda, hapa Kibaigwa,
tukapiga meza hadi soda zikamwagika.

Kisha tangazo likaja.
Vibali saba vimekuwa kimoja,
na hicho najaza mwenyewe, kwenye simu:
Je, tangi lako la mvuke ni salama? Ndiyo.
Je, maji machafu unayamwaga panapostahili? Ndiyo.
Maswali ishirini, chai haijapoa.

Siku hiyo nilichinja mbuzi.
Sioni aibu kulisema: nilipumua.
Niliajiri vijana sita.
Sechelela, mshona magunia,
akaongeza chumba cha pili, cha tofali za kuchoma.
Asije mtu kuniambia nauli nilizookoa
hazikuwa ugali wa mtu.

Maji ya kuoshea mafuta nikayaelekeza korongoni.
"Mvua itayachukua," nikasema.
Huku kwetu! Mvua!
Ng'ombe wa Chidawali wakaanza kuyapita pua juu,
kama wakwe walionyimwa kiti.

Halafu Jumanne moja ya mwezi wa saba,
kiwandani kwa jirani yangu Mathayo, si kwangu
(hilo "si kwangu" nimelisema mara nyingi mno),
tangi lilipasuka.
Bati moja liliokotwa ng'ambo ya lami,
juu ya mahindi ya sokoni.
Yoramu, kijana wa Mlali, miaka kumi na tisa,
ndiye aliyekuwa akichochea kuni.
Walimfunika kwa magunia yaliyoandikwa: kilo mia.
Sechelela aliyatoa bila kuyahesabu.

Mathayo naye alijibu Ndiyo.
Nilimwona akijibu, tulikuwa meza moja.
Aliniuliza swali la tisa lina maana gani.
Nikamwambia, bonyeza tu.

Sasa nipime vipi?
Nataka kuweka huku vijana sita na chumba cha Sechelela,
kule nimweke Yoramu, na korongo, na ng'ombe wenye kiu.
Lakini mizani ya soko letu ni ya kuning'iniza,
ina ndoano moja tu.
Unapima kimoja, unakishusha,
unaninginiza kingine,
na mkono umeshasahau uzito wa kwanza.

Na Ndahani?
Alikuwa mwizi. Lita tano kila ujio,
na bado aliuliza kama kuna mashudu ya nguruwe wake.
Ila ndiye mtu pekee niliyemwona
akilaza sikio kwenye chuma kile.
Mara moja alisema, "Hili linakohoa.
Usiliwashe mpaka fundi aje."
Nilimlaani siku tatu nzima.
Fundi akakuta ufa chini ya tumbo,
mwembamba kama unywele wa mtoto.

Hilo sikulitia kwenye shairi.
Halikukaa kwenye mizani.

Sitaki mihuri saba. Sitaki kurudi
kwenye lile benchi la kusubiri, wala kwa lile dumu.
Nataka mtu aje, mlipwa mshahara,
asiyekula kwangu,
agonge, asikilize, anikatalie.

Hajaja.
Nimenunua kinyundo changu, shilingi elfu nne.
Alfajiri, kabla ya moto, nagonga.
Ngo.
Naweka sikio.
Ngo.
Chuma kinanijibu, tena kwa ufasaha,
kwa lugha nisiyoijua.
Nje vijana sita wamesimama na kuni mikononi,
wananitazama usoni.