Umebeba Nini?

Saa kumi na moja alfajiri, Tabata Kisiwani.
Naminya breki kwa kidole kimoja
kama mama anayepapasa paji la mtoto mwenye homa.
Muuzaji wa mtumba alinihesabia gia ishirini na moja;
zinazokubali kazi ni tano, na ya tatu ina kisirani.
Tairi ndizo nilizozitolea pesa: meno mapana,
meno ya kung'ata.

Nateremka bondeni. Msimbazi haujaamka,
umejifunika ukungu na harufu zake.
Tope limeota ngozi kama uji uliopoa:
ukipita bila kusita, linakubeba,
ukiwaza, linakula rimu.
Bi Sikujua ananyunyizia mchicha, hageuki.
"Matuta hayo, dada, si barabara!"
Kila Jumamosi ananiambia hivyo hivyo,
na kila Jumamosi kinjia cha kando ya matuta
nakikuta kimefyekwa, upana wa usukani.
Sijawahi kuuliza nani anafyeka.

Palipokuwa na daraja la magogo, baiskeli inapanda begani mwangu.
Maji ya magoti. Mfuko wa nailoni unanishika kifundo, unaniachia.
Masika iliyopita mto ulifika kwenye lile dirisha;
mstari wa tope ukutani umenyooka
kuliko mstari wowote aliopiga fundi wa nyumba ile.

Kinyerezi, nyaya za umeme zinavuma kama nyuki waliofungiwa.
Kisha ardhi inaanza kuinuka, nami naanza kuhema.
Pugu. Udongo mweupe unaipaka rimu poda,
mizizi imelala njiani kama mishipa ya mkono wa mbeba zege.
Gia ya kwanza. Ya kwanza tena.
Hakuna chini ya ya kwanza.

Kwenye mteremko uelekeao msituni
nilikuwa nashuka, makalio hewani, meno nje kwa raha,
yeye anapanda.
Magunia matatu ya mkaa, moja limelazwa juu ya mengine,
mipira ya tairi imeyabana, breki yake soli ya kandambili.
Nikasimama kumpisha. Naye akasimama, akatia jiwe nyuma ya gurudumu.
"Dada, umebeba nini?"
"Sijabeba kitu."
"Unakwenda wapi sasa?"
"Bwawani. Nalizunguka, halafu narudi."
Akanyamaza, akilipigia hesabu jibu langu.
"Yaani unapanda ili ushuke?"
"Eeh."
"Halafu unashuka ili upande?"
Akacheka mpaka gunia la juu likatikisika naye.

Baba yangu aliipita njia hii miaka kumi na tisa.
Kilima hiki alikiita Kata Ubishi.
Alitusimulia mawe yake, moja moja, kama majina ya wadeni,
bwawa hakulitaja hata siku moja,
na liko hatua mia mbili tu, nyuma ya ile miti.
Anayesukuma huona tairi la mbele.

Nikailaza yangu majanini, nikaweka viganja kwenye gunia.
"Moja, mbili..."
Hatukufika tatu. Lilishaanza kwenda.
Juu kabisa akaniambia jina lake, Chaurembo,
na kwamba mkaa huu unaishia Buguruni,
na kwamba nina nguvu kwa mtu asiye na safari.

Bwawani jua lilikuwa limeshapanda.
Maji ya kijani, kimya, yenye vijiti vikavu vilivyochomoza
na ndege mmoja mweusi juu ya kila kijiti kama amepangiwa.
Njia ya juu ya tuta ni nyembamba: kushoto maji, kulia msitu,
na ukitazama upande mmoja sana, utakwenda upande huo.
Nikazunguka mara moja, kwa ajili yangu.
Ya pili sikuitafutia sababu,
niliiendesha polepole, kichwa juu,
natazama maji.

Kwenye usukani vimebaki vidole kumi vya masizi.
Breki zinalia kutoka Pugu mpaka bondeni.
Jumatatu nitanunua mpira mpya,
nikikumbuka.