Orodha ya Wapiga Kelele

Kitabu nilimnyang'anya Kabula wakati wa prepo,
kwa cheo changu: kiranja wa bweni, Nyegezi.
Hakina jalada. Kurasa zinanuka mafuta ya taa.

Nikakisoma mimi, chini ya shuka,
kwa tochi isiyowaka bila kofi.

Mji ule, kila mtoto ana namba mkononi.
(Yangu iko kwenye ndoo: arobaini na moja.)
Kengele huwaambia wakati wa kucheka.
Yetu ni rimu ya lori; kucheka haikujui.
Na binti mmoja, kimya,
kama kamongo ndani ya tope kavu
anayeisikilizia mvua.

Dirishani, karabai za dagaa zimelizingira ziwa.
Nikadhani ni minara ya walinzi.

Saa tisa usiku wakamtaka awataje wenzake.
Nikaufunika mstari kwa kidole.
Nikakiondoa.

Asubuhi Mwalimu Mugasa akanyoosha mkono.
Nikampa karatasi: tarehe, mstari wa rula, basi.
Akaigeuza. Akaigeuza tena.
"Wote walilala?"
"Walilala, mwalimu."

Kwenye foleni ya uji Kabula hakunishukuru.
Aliuliza tu,
"Umefika wapi?"