Bei kwa Herufi

Shilingi mia tatu kwa herufi.
Nafasi kati ya neno na neno sitozi.
Bango liko mlangoni, nyuma ya soko la Majengo,
limepaushwa na upepo wa Julai,
ule unaoleta vumbi la Kizota mpaka kwenye meno.

Jumatatu kamati ikaleta oda: ngao ya mninga,
kibati cha shaba,
DAMARI CHILEWA
KWA USHUJAA WA KUFICHUA RUSHWA YA NGONO.
Nikachonga. Shaba haina kifutio.

Mteja wa mihuri akasomea begani pangu:
"Huyu si yule wa kiwanda cha mvinyo?
Miaka minne alikuwa wapi?"
Nikamwambia angoje muhuri wake ukauke.

Mama wa karanga akatua beseni, akacheka
kicheko cha mtu anayetema ganda:
"Mimi shambani kwa Mlewa, mwaka ule wa njaa,
nani alinipa ubao?"
Halafu akaomba aishike.
Akaipima mkono wa kulia, akaipima wa kushoto,
akairudisha mezani kifudifudi.

"Sasa hata salamu tutafungwa," akasema kijana wa bodaboda.
Mwenzake akawa anafuta kioo cha pikipiki,
anakifuta tu.
Dada yake kaanza kazi hapo kiwandani mwezi wa tano.

Jumatano, simu. Katibu,
sauti ya mtu aliyesimama koridoni:
"Dada, hilo neno la mwisho.
Mgeni rasmi anakuja na mkewe, kuna watoto wa kwaya.
Weka KUTETEA MAADILI."
Kibati cha pili.

Ijumaa, simu.
"Ushujaa umewakwaza wazee. Wanauliza, kapigana vita gani?
Weka MCHANGO."
Mchango upi, nikauliza. Akakata.
Kibati cha tatu.

Jumamosi alfajiri akaja mwenyewe, hakuketi.
"Acha jina tu."
Herufi kumi na tatu. Akalipa, akadai risiti.

Fundi aliyenifundisha mashine hii
alipenda kusimama nyuma yangu
kunionyesha namna ya kushika sindano.
Nilijifunza haraka.
Nilikuwa na sababu ya kujifunza haraka.

Ukumbini sikwenda. Nilisimuliwa saluni:
safu za mbele zilipiga makofi ya vidole viwili,
mgeni rasmi akasifu zabibu za mkoa wetu,
akasifu barabara,
akamwita Damari "binti yetu" na jina akalikosea.
Huko nyuma mwanamke mmoja akapiga kigelegele,
kikabaki peke yake
kama mbuzi aliyevuka lami kabla ya wenzake.
Wengine wanasema ni yule mama wa karanga.
Nilimuuliza. Akanipimia karanga.

Jumanne mlango ukalia.
"Mbukwa."
Ngao iko kwenye mfuko wa salfeti, pamoja na mboga.
Mwembamba kuliko walivyomsema, viatu vina vumbi la Nkuhungu.
Akagusa shaba chini ya jina lake:
"Hapa pametoka nini?"

Nikafungua droo. Nikampangia vibati vyote vitatu.
Akasoma polepole, kama mtu anayekagua madeni.
Kwenye USHUJAA akatikisa kichwa:
"Hili si langu. Mimi mpaka leo nalala na taa."
Akaomba karatasi. Akaandika, akakata, akaandika:

NILIOGOPA, NIKASEMA.

Nikahesabu kwa ncha ya kalamu. Kumi na saba.
Elfu tano na mia moja, koma sitozi.
Akatoa elfu tano.
Nikasema hiyo mia iache.

Akanitazama kwa mara ya kwanza.
"Niache? Hapana, dada.
Vya kuachiwa navijua."
Akafungua fundo la khanga kwa meno,
sarafu ikagonga kioo cha meza.

Nikawasha mashine.
Nyuma yangu hapakuwa na mtu.