Rafu ya Siagi

Ndani ya friji ya Arvid Tollefsrud, huko Wiskonsini,
Februari, theluji imefika usawa wa dirisha,
kwenye rafu ya siagi vimelala viboksi viwili.
Kimoja ni insulini, ya mwenye nyumba.
Cha pili ni cha ng'ombe.
Vyote viwili, alimweleza daktari wa mifugo,
hupikwa na vijidudu ndani ya mapipa,
vijidudu visivyojua vinampikia nani.

Saa kumi alfajiri.
Anaanza yeye, tumboni, wima,
pindo la shati kalishika kwa meno.
Kisha viatu vya mpira, kisha baridi,
na sindano thelathini na nane kifuani,
ndani ya koti, zipate joto.
Leo ni siku ya kumi na nne.

Wana namba masikioni, lakini yeye
huwaita kwa majina ya shangazi zake:
Gudrun, Solveig, Ragna, Borghild.
Samahani, shangazi,
anasema, na kudunga
penye kibonde kando ya shina la mkia.

Lita tano zaidi. Kwa siku. Kwa kila mmoja.
Dereva wa lori la maziwa alipiga mluzi.
Ila jirani naye anadunga,
na jirani wa jirani,
maziwa yakazidi midomo
na bei ikalala chini, haiinuki,
hata uipige teke.
Lorene huandika hesabu kwa penseli,
kwa sababu penseli hufutika.

Ng'ombe halemewi na nunduye, tunasema sisi.
Kuhusu kiwele hatukusema kitu.

Cha Borghild kilivimba Machi,
kikawa chekundu, cha moto kama mkate uliotoka jikoni.
Alitembea akitanua miguu
kama mtu anayevuka mtaro usioisha.
Akapewa dawa. Maziwa yake, siku sita,
yalimwagwa nyuma ya banda
juu ya theluji, nyeupe juu ya nyeupe,
paka tu ndio waliojua yalipo.

Usiku ule Arvid alisema, bila kuulizwa,
kijiko kikizunguka kahawani:
"Mimi bila sindano nakufa.
Yeye bila sindano ni ng'ombe tu."
Lorene akageuza ukurasa.

Siku ya kumi na nne ikarudi, kama kodi.
Alikwenda na thelathini na nane,
akarudi na moja.
Mkono wa koti ulikuwa umelowa
mahali Borghild alipolamba chumvi.
Akaiweka palepale, kwenye rafu ya siagi,
na hakuna aliyesema neno.

Kesho yake alfajiri, gizani, bila miwani,
anafungua friji, anapapasa,
anapima kwa kidole gumba unene wa bomba,
mara moja, mara mbili,
asije akakosea.